Arobaini ya mzazi: Desturi inayomlinda mama na kuficha hatari

KUANZIA Chewele katika eneo bunge la Bura hadi Garsen, ambako Mto Tana huanza kutawanyika kuelekea baharini, mwanamke aliyejifungua hazihesabu siku zake kwa kalenda ya kliniki. Huzihesabu hadi arobaini. Katika siku hizo hapiki, hateki maji, hatafuti kuni, hapeleki mifugo malishoni wala halali na mumewe. Huogeshwa, hulishwa na kulindwa, naye mtoto hakai peke yake hata kwa dakika chache.

Kiswahili cha pwani kimempa mwanamke huyo jina lake maalumu, mzazi. Neno hilo hapa halina maana ya baba au mama wa mtoto kwa jumla, bali mwanamke ambaye bado yumo katika siku za uzazi. Akitoka arobaini, jina hilo nalo humtoka.

Desturi hii imedumu kwa sababu ina faida ambazo hakuna zahanati inayoweza kuzitoa. Hata hivyo, mlango uliofungwa ili kuzuia jicho la hasidi ndio huo huo ambao mara nyingi umemzuia muuguzi asiingie na mgonjwa asitoke. Ugumu wa jambo hili umo hapo, na haufai kurahisishwa kwa kuwaita watu wa bonde la Tana washirikina au, kwa upande mwingine, kwa kusifu kila kitu cha jadi.

Kaunti ya Tana River ilikuwa na watu 315,943 katika sensa ya mwaka wa 2019, idadi ndogo sana kwa eneo lenye ukubwa wake. Kando ya mto wanaishi Wapokomo, ambao ni wakulima, na Wamalakote. Nyikani wako Waorma na Wawardei pamoja na Wasomali wenye mifugo yao, huku Wamunyoyaya wakipatikana upande wa juu wa mto. Mradi wa unyunyizaji maji wa Bura nao ulileta walowezi kutoka pembe nyingine za nchi tangu miaka ya 1980. Lugha ni tofauti na mapishi ni tofauti, lakini kwa jamii zilizo Waislamu, ambazo ndizo nyingi, hesabu ya siku 40 ni moja.

Mtoto akizaliwa huadhiniwa katika sikio la kulia na kukimiwa katika la kushoto, ili neno la kwanza analolisikia duniani liwe la kumtaja Mungu. Mtu anayeheshimika huilainisha tende na kumpaka mtoto kidogo kwenye ufizi. Siku ya saba huchinjwa akika, kondoo au mbuzi wawili kwa mvulana na mmoja kwa msichana, kwa mwenye uwezo. Jina hutangazwa, na katika nyumba nyingine nywele hunyolewa na uzito wake kutolewa sadaka ya fedha. Zipo familia za pwani zinazouahirisha wembe hadi siku ya arobaini yenyewe.

Kazi kubwa ya siku hizo, hata hivyo, ni kumtunza mama. Imani inayoongoza matunzo ni kwamba uzazi humwacha mwanamke wazi, na kwamba baridi na upepo vikimwingia vitamkaa mifupani hadi uzeeni. Kwa hiyo hakuna maji baridi. Hukandwa kwa maji ya moto, hunywa uji uliotiwa pilipili manga, hupewa supu ya nyama au ya kuku, na kwa wafugaji hupewa maziwa na samli kwa wingi kadiri msimu unavyoruhusu. Chumba hufukizwa ubani. Tumbo hufungwa kwa kitambaa kirefu kiitwacho mkaja.

Mkaja unastahili kutajwa zaidi kidogo, maana umebeba historia. Katika ndoa za Waswahili, mkaja pia ni jina la ada ambayo bwana arusi humpa mama wa bibi arusi. Vivyo hivyo ubeleko, kitambaa cha kumbebea mtoto mgongoni, ni jina la zawadi inayokwenda kwa mama huyo huyo. Mwanamume anayeoa hulipa, angalau kwa ishara, kile kitambaa kilichomfunga tumbo mama mkwe wake na kile alichombebea binti. Ni nadra kupata lugha iliyoweka hesabu ya deni la uzazi kwa uwazi namna hiyo. Desturi hizi si za leo. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa karibu na Bagamoyo, aliyaeleza mambo ya uzazi na malezi katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotolewa na Carl Velten huko Göttingen, Ujerumani, mwaka wa 1903.

Wengi hudhani kwamba arobaini ni amri ya dini. Ukweli ni kwamba sheria ya Kiislamu inazungumzia nifasi, yaani damu inayofuata uzazi. Katika madhehebu ya Imam Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki na Wasomali, nifasi yaweza kuwa kitambo kidogo tu. Kwa kawaida ni siku 40 na upeo wake ni 60. Damu ikikatika siku ya 15, mwanamke huoga, husali na hufunga kama kawaida. Tena, hakuna hukumu inayomfungia mzazi ndani ya nyumba mithili ya mjane aliye katika eda. Kufungiwa ni desturi ya watu. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa pale mama anapotokwa na damu nyingi usiku na wazee wakasema kwamba siku zake za kutoka hazijatimu.

Kwa Wasomali, kumalizika kwa siku hizo huitwa afartanbah, yaani kutoka arobaini, na mama huenda na mtoto wake kwenye nyumba ya jamaa au rafiki ambako hufanyiwa karamu. Kabla ya hapo, mama huvaa herini za uzi uliopitishwa kwenye punje ya kitunguu saumu, na mtoto hufungwa mkononi uzi wenye kipande cha malmal, ambayo ni manemane, ili kuzuia jicho. Nyumba hufukizwa manemane mara mbili kwa siku, kwa imani kwamba harufu za kawaida za dunia zaweza kumdhuru mtoto.

Hofu ya jicho imeenea pwani yote. Anayemsifu mtoto bila kusema Mashaallah hutazamwa kwa mashaka. Mtoto hupakwa alama ya wanja kwenye paji la uso ili aonekane ana dosari, hufungwa hirizi au uzi mweusi, na huwekewa kisu au kipande cha chuma chini ya mto anapolala. Hatolewi nje jua linapotua. Kwa jumla, mambo haya hayana madhara, na baadhi yana hekima isiyotajwa. Mtoto ambaye wageni hawaruhusiwi kumpokezana mikononi katika wiki za kwanza huepushwa na vikohozi na kuhara kwao, iwe sababu iliyotolewa ni husuda au ni viini vya maradhi.

Si yote, lakini, ya kupuuzwa. Wanja wa kienyeji mara nyingi huwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Alama ya paji la uso ni afadhali kuliko wanja unaotiwa machoni. Moshi wa ubani katika chumba kidogo kisicho na dirisha humtesa mtoto mwenye mapafu machanga, hasa katika joto la Bura. Asali, ambayo wengine huitumia badala ya tende, haifai kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, kwa kuwa yaweza kubeba viini vinavyoleta ugonjwa wa kupooza.

La hatari zaidi ni kitovu. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki kimepakwa majivu, samli, mate, manemane, hata kinyesi cha ng'ombe, ili kikauke upesi. Kinyesi na udongo hubeba viini vya pepopunda, ugonjwa unaomfanya mtoto aliyekuwa akinyonya vyema ashindwe kufungua kinywa siku chache tu baada ya kuzaliwa, kisha mwili ukakakamaa. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani, WHO, uliotolewa upya mwaka wa 2022, ni kukiacha kitovu kikiwa safi na kikavu bila kukipaka kitu. Pale ambapo watu wamezoea kupaka vitu vyenye madhara, dawa ya klorheksidini hutolewa iwe badala yake. Ni uamuzi wa busara, kwa sababu bibi aliyezoea kupaka hunyang'anywa samli lakini mkono wake hauachwi mtupu.

Kitovu kina heshima yake pia. Kikianguka huzikwa, na tangu hapo mahali hapo huwa pa mtu huyo. Mswahili akisema kitovu chake kimezikwa Garsen, hakuna haja ya kumwuliza kwao ni wapi.

Maziwa ya kwanza nayo yamekuwa na bahati mbaya. Dang'a, yale maziwa mazito ya rangi ya manjano, yamemwagwa na akina mama wengi kwa kudhaniwa kuwa machafu, huku mtoto akipewa maji ya sukari, samli au maziwa ya mbuzi. Katika nyika ya Chewele hoja ya kuyatetea haihitaji daktari. Mfugaji anajua vyema hali ya ndama aliyekosa dang'a.

Zipo pia imani ambazo zimekuwa na jina kabla ya ugonjwa kujulikana. Pwani, mtoto anayeshtuka na kukakamaa husemwa kuwa ameshikwa na dege au nyuni, maneno yote mawili yakihusishwa na ndege anayepita juu yake. Malaria kali, homa ya uti wa mgongo na pepopunda vyote vyaweza kuonekana hivyo. Watafiti wa Kilifi wamegundua kwamba familia nyingi humpeleka mtoto wa namna hiyo kwa mganga kwanza, na sababu yake inaeleweka, maana jambo linalofanana na kupagawa hupelekwa kwa anayejua mapepo. Lakini saa zinazopotea ni zile ambazo dawa ingefaa.

Kubemenda ni imani nyingine. Mtoto anayekonda akiwa bado ananyonya husemwa amebemendwa, yaani wazazi wake wamevunja mwiko wa kutolala pamoja au mmoja wao ametoka nje ya ndoa. Mwiko huo umesaidia kutenganisha uzazi wa mtoto mmoja na wa mwingine, na hilo ni jema. Ubaya wake ni aibu. Mama mwenye mtoto mwenye utapiamlo huogopa kumpeleka zahanati kwa sababu kumwonyesha mtoto ni sawa na kukiri kosa mbele ya kijiji.

Wapokomo, kwa upande wao, wana urithi ambao kila Mkenya anaujua bila kujua kwamba anaujua. Muziki wa wimbo wa taifa wa Kenya, uliotayarishwa mwaka wa 1963, ulitokana na wimbo ambao akina mama Wapokomo huwabembelezea watoto wao. Meza Morowa Galana, aliyetoka eneo la chini la Mto Tana, ndiye anayetajwa kuwa chanzo cha muziki huo. Kwa hiyo majeshi hupiga saluti na wanariadha husimama kimya kwa sauti iliyotungwa ili mtoto mchanga alale.

Hesabu ya siku baada ya uzazi si ya Afrika wala ya Uislamu peke yake. Wachina humpumzisha mama kwa mwezi mzima, nao watu wengi wa Amerika ya Kusini wana siku 40 kama za Tana. Japani inafanana nasi kwa namna inayoshangaza. Huko mwanamke wengi wanamjua kuwa hurudi kwa wazazi wake kujifungua, desturi iitwayo satogaeri shussan, sawa na mwanamke wa pwani yetu anayepelekwa kwa mama yake kwa uzazi wa kwanza. Mtoto hupewa jina usiku wa saba, uitwao oshichiya. Baada ya takriban mwezi mmoja hupelekwa kwenye hekalu la Kishinto, na siku ya 100 hufanyiwa karamu ya kulishwa kwa ishara. Kitovu hakizikwi bali hukaushwa na kuwekwa ndani ya kisanduku cha mbao. Zamani, katika baadhi ya vijiji vya pwani, mama alitengwa katika kibanda cha uzazi kwa kuwa damu yake ilihesabiwa kuwa najisi.

Japani haikuzifuta desturi hizo ili iwe mojawapo ya nchi ambazo watoto wachanga hufariki kwa uchache kabisa duniani. Iliongeza kitu kingine juu yake. Mwaka wa 1948 ilianzisha kijitabu cha mama na mtoto, ambamo mimba, uzazi, uzito na chanjo huandikwa mahali pamoja. Nchi nyingi sasa zina kijitabu cha namna hiyo, Kenya ikiwemo, na mama wa Chewele anayehudhuria kliniki anacho ndani ya mkoba wake.

Hatari kubwa ya arobaini imo mwanzoni mwake. Kati ya akina mama wanaofariki baada ya kujifungua, karibu nusu hufariki katika saa 24 za kwanza, hasa kwa kutokwa na damu. Robo tatu hivi ya watoto wanaofariki katika mwezi wa kwanza hufariki katika wiki ya kwanza. Kenya, utafiti wa afya ya jamii wa mwaka wa 2022 ulionyesha kuwa watoto 21 kati ya kila 1,000 waliozaliwa hai hawakufikisha siku 28.

Hapa ndipo desturi huficha. Kwa kuwa damu inatarajiwa, damu nyingi huchukuliwa kuwa uchafu unaotoka, na wazee husema afadhali itoke. Kwa kuwa joto linatakiwa, homa haishtui mtu. Kichwa kikimuuma mzazi na macho yakaona ukungu husemwa ni uchovu, ilhali kifafa cha mimba chaweza kumpata mwanamke hata siku kadhaa baada ya kujifungua. Akianza kusema ovyo na kumkataa mtoto husemwa ana pepo, ingawa maradhi ya akili yanayofuata uzazi mara nyingi hujitokeza katika wiki mbili za kwanza na yana tiba. Kwa wanawake waliokeketwa kwa kushonwa, jambo lililopigwa marufuku kwa sheria ya mwaka wa 2011 lakini lingali na makovu yake katika jamii za wafugaji, majeraha ya uzazi huwa makubwa zaidi na huhitaji uangalizi zaidi.

WHO inapendekeza mama na mtoto wakae kituoni kwa angalau saa 24, kisha waonwe tena mara tatu: kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na wiki ya sita. Katika ratiba hiyo, ziara mbili huangukia katikati ya arobaini, wakati mama hapaswi kuvuka kizingiti. Kwa hiyo hazihudhuriwi.

Serikali iliondoa ada za kujifungua katika hospitali za umma tarehe 1 Juni 2013, na mpango wa Linda Mama ukafuata mwaka wa 2016 chini ya hazina ya NHIF, kabla ya bima mpya ya afya ya jamii kuchukua nafasi yake Oktoba 2024. Matokeo yameonekana. Waliojifungulia vituoni nchini walipanda kutoka asilimia 61 mwaka wa 2014 hadi 82 mwaka wa 2022. Tana River imebaki miongoni mwa kaunti zilizo nyuma, na si kwa sababu ya imani pekee. Ada ikiondolewa, umbali haukuondolewa. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023 na ya Aprili na Mei 2024 yalikata barabara kati ya Madogo na Garissa, na katika eneo la Kona Punda abiria walivushwa kwa boti, moja ikapinduka tarehe 28 Aprili na kuua watu. Familia zilihamia kambini. Mzazi katika hema hana chumba cha kufungiwa, hana moto wa kukandwa wala shangazi wa kumpikia uji.

Ni katika hali kama hiyo thamani ya arobaini huonekana. Mwanamke aliyeajiriwa Kenya ana likizo ya uzazi ya miezi 3 kwa Sheria ya Ajira ya 2007. Mke wa mfugaji au wa mkulima wa mpunga hana mwajiri, na likizo pekee aliyo nayo ni ile inayolindwa na mama mkwe na majirani. Anayeibeza desturi hiyo, kwa kutumaini kuileta kliniki mahali pake, atamrudisha mwanamke kwenye ndoo na kuni wiki moja baada ya uzazi.

Njia inayoelekea kufaa ni kumpitisha muuguzi mlangoni badala ya kuuvunja mlango. Wakunga wa jadi, ambao serikali haitaki tena wazalishe nyumbani, wamekuwa wakihimizwa katika sehemu nyingi kuwasindikiza akina mama hospitalini, na neno la mkunga lina nguvu kwa wazee kuliko bango la wizara. Wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 walizinduliwa kote nchini Septemba 2023, na wengi ni watu wa kijiji hicho hicho, wanaoweza kuingia chumbani kwa mzazi bila kuvunja mwiko. Wakijua kuuliza ni vitambaa vingapi vimelowa damu tangu asubuhi, wamefanya kazi ya ziara moja ya kliniki.

Ziara ya mwisho haina mgogoro na desturi. Wiki 6 ni siku 42, na mzazi hutoka siku ya 40. Asubuhi ya kutoka huogeshwa, hupakwa hina, mtoto huvikwa nguo mpya na jamaa hukusanyika. Siku mbili baadaye ndiyo siku ya chanjo za kwanza za wiki ya 6, zikiwemo za polio, dondakoo, kifaduro na pepopunda, ambazo hutolewa bila malipo katika vituo vya umma. Mama naye hupimwa shinikizo la damu na kuulizwa kuhusu uzazi wa mpango. Kisha kijitabu huandikwa tarehe ya kurudi, ambayo ni wiki ya 10.